Chukua Hata Kikohozi Chake

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na sita Juni, mwaka elfu mbili na sabini na moja, saa tatu na dakika kumi asubuhi, katika shamba la mkonge la Kwemlungu, kitalu namba kumi na tisa. Singano anaijua saa hiyo kwa sababu aliisoma kwenye karatasi ya ofisi, kwa tabu, herufi moja moja, kidole kikiburuzwa chini ya maneno: "Mfanyakazi alisimamisha uzalishaji saa 3:10." Hawakuandika kwamba alikufa. Waliandika kwamba alisimamisha uzalishaji.

Mfanyakazi mwenyewe alikuwa Mwantumu, mke wake, waliyeoana miaka thelathini na mmoja iliyopita.

Asubuhi ile alikuwa amekwisha kata mita mbili za mkonge, na mita moja si mchezo, ni lundo la matita ambalo zamani lilimtoa mwanamume jasho mpaka adhuhuri. Alikuwa katikati ya ile ya tatu. Wenzake wanasema alikuwa anawatania, anawaambia wanakata kama wanaogopa kuliumiza jani. Akainama kufunga tita, hakuinuka. Walipomgeuza walikuta anatabasamu.

Daktari wa wilaya alikuja na gari lake, akampima, akanawa mikono. Akasema kidole tumbo kilipasuka siku nne nyuma.

"Siku nne?" Singano akauliza. "Mtu aliyepasuka kidole tumbo anagaagaa chini, daktari. Huyu Ijumaa alinipikia bada la muhogo. Jumamosi kafua. Jana kakata mita tatu. Hakusikia maumivu?"

"Alikuwa na ari," daktari akasema, akaangalia pembeni.

Ari. Neno hilo ndilo lililokuwa limepakwa Kwemlungu nzima, ukutani, kwenye matangi ya maji, mpaka mlangoni pa choo.

Miaka sita nyuma wakubwa walileta mashine za kukata mkonge zenye miguu minane. Zilikuja na waandishi wa habari na keki. Mawe ya Kwemlungu yakazivunja miguu, utomvu ukaziozesha viungo, mwaka haukuisha zikalala korongoni kama mende waliopuliziwa dawa. Na dunia nayo ilikuwa inataka singa, zile nyuzi za mkonge, kuliko wakati wowote, sijui kwa ajili ya mbawa za mitambo ya upepo, sijui kwa kuta za nyumba za huko mwezini, kila mkubwa alisema lake. Basi wakakaa, wakafikiri, wakaona kumbe binadamu ni rahisi kumtengeneza kuliko chuma.

Wakaleta kile kifaa. Ni kidogo kama punje ya dengu, kinapandikizwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Jina lake la karatasini ni Kifaa cha Ari. Kambini watu walikiita kunguni, maana anahamia mwilini hatoki, na chakula chake ni usingizi wako. Kazi ya kunguni ni kusikiliza damu. Akisikia uchovu unapanda, au maumivu, au ile huzuni ya asubuhi isiyo na sababu, anautekenya mwili utoe wenyewe kile kitu ambacho hukitoa mtu akifurahi. Ila mwili nao si mjinga. Haukubali kufurahishwa na punje. Unataka kuambiwa, na unataka kuambiwa na mtu unayemwamini. Kunguni bila maneno ni jiwe, na maneno bila kunguni ni kelele.

Ndiyo maana wakaanza hotuba za asubuhi. Kwanza walimleta bwana mmoja kutoka mjini, koti linang'aa, viatu vyeupe kwenye tope jekundu. Akapanda jukwaani akapiga kelele, "Semeni, mimi ni simba!"

"Simba hakati mkonge," mzee mmoja akajibu kutoka nyuma.

Uwanja ukacheka mpaka nyapara naye akacheka. Kunguni mia nne wakasikiliza damu mia nne, wasione pa kushika. Kwa wiki tatu yule bwana aliwaambia waote ndoto kubwa, na mita hazikuongezeka hata moja.

Hapo ndipo wakaulizana: hawa watu humwamini nani? Kambi nzima ikataja jina moja bila kushauriana.

Mwantumu alikuwa kungwi. Wasichana wote wa Kwemlungu alikuwa amewafunda yeye, na waume zao walijua wamefundwa. Alikuwa na sauti ya kukwaruza kidogo, kama mtu aliyetoka kucheka sasa hivi. Mgonjwa aliyegoma kula alikula akiambiwa na Mwantumu. Wakamwita ofisini, wakamkalisha siku tisa kwenye chumba chenye magodoro ukutani, aongee. Aongee chochote: aite watu, atanie, afunde, akemee. Mashine ikasikiliza. Siku ya kumi mashine ikaanza kusema yenyewe, kwa sauti yake, sentensi ambazo hakuwahi kuzitamka, ila ungeapa ni za kwake. Na kila mtu ilimwita kwa jina lake, sikioni mwake peke yake, huku spika za uwanjani zikisema yale ya wote.

Mita zikapanda. Mwantumu naye, asubuhi kwa asubuhi, akasimama uwanjani na wenzake, akajisikia mwenyewe akijiambia kwamba anaweza. Akajiamini. Nani asingemwamini Mwantumu?

Katika wafanyakazi wote wa shamba mtu mmoja tu hakuwa na kunguni, na huyo ni Singano. Wakubwa walisema aliyepita miaka sitini moyo wake hauhimili. Yeye alikuwa na sitini na mmoja, akawekwa kwenye kamba za kuanikia singa. Kwa hiyo kambi nzima ilikuwa na furaha, yeye akabaki na uchovu wake, akiubeba peke yake kama mtu aliyetwishwa gunia asilojua la nani.

*

Walimzika Jumatano saa nne. Wanaume waliporudi kutoka makaburini wakakaa mkekani, uji ukapita, na watani wakaanza kazi yao.

Singano ni Mzigua. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi, na msibani mtani ana ruhusa zote. Atamtukana marehemu, atalala mlangoni jeneza lisipite, ataomba kanzu ya mfiwa, atabeba sufuria ya watu. Na hakataliwi. Ukimkatalia mtani msibani umemwaibisha maiti wako.

Mtani wa siku hiyo alikuwa Masanilo, Mnyamwezi wa Urambo, kijana wa miaka thelathini na ushei, ndiye Afisa Ari wa shamba. Ndiye aliyekuwa ameshika ile mashine. Lakini msibani mtu haulizwi cheo chake. Alikuwa amevaa khanga ya kike kiunoni na sufuria kichwani, anajikokota mbele ya wafiwa kwa mwendo wa Mwantumu, kiuno kile kile, mpaka waliokuwa wanalia wakajiziba midomo.

"Wazigua nyie hata kufa hamjui!" alipiga kelele. "Mtu anakufa kitandani, anaagiza maji ya baridi, anakataa, anasusa. Nyie mnakufa mmeinama kama mnatafuta sindano! Haya, Singano, mtani wako nimekuja. Kuku sitaki, kuku zako zina utapiamlo. Shuka la marehemu sitaki. Nipe sauti yake, maana yeye mwenyewe kaenda kunyamaza, na hajawahi kunyamaza huyu!"

Watu wakacheka. Singano naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, machozi na makamasi pamoja.

"Chukua, mtani," akasema. "Chukua. Chukua hata kikohozi chake!"

Watu wakaangua tena. Masanilo akafuta jasho kwa khanga, akaendelea kudai mwiko wa ugali.

Alhamisi saa kumi na mbili kasoro asubuhi Singano alikuwa uani anaosha uso. Spika za kambi zikakwaruza.

"Kwemlungu! Mmeamka, au mnanisubiri nije na fimbo? Nani kawaambia hamuwezi? Hebu nimwone huyo aliyewaambia, ana meno mangapi."

Jirani akacheka kwa sauti. "Masanilo huyo!" akasema juu ya ukuta. "Yaani mtani huyu, hata asubuhi hatupumzishi! Kamwiga mpaka kukwaruza!"

Kambi nzima ikafikiri hivyo. Walitoka wakicheka, wakaenda uwanjani wakicheka, na kila mmoja akasikia sikioni jina lake likiitwa na Mwantumu. Hapo ndipo kicheko kikakatika, kimoja kimoja, kama taa zinazozimwa nyumba hadi nyumba. Halafu wakasimama wima. Halafu wakaenda kukata mkonge.

Singano alibaki na bakuli la maji mkononi. Mwishoni mwa hotuba ile sauti ilikohoa kidogo, kile kikohozi kikavu cha Mwantumu cha asubuhi.

*

Tunu alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mumewe alikwenda mgodini akapotelea huko, yeye akarudi chumba cha nyuma kwa baba yake. Alikata mkonge kitalu kimoja na mama yake, na siku ile ndiye aliyemgeuza.

Mwezi wa Julai ulipoanza alikanyaga ncha ya jani. Ncha ya mkonge ni msumari. Iliingia kwenye wayo, ikakatikia ndani. Wiki ya pili mguu ulikuwa umejaa mpaka kifundo hakionekani, na Tunu anautembelea kama vile ni wa mtu mwingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Njoo ukae hapa. Lete mguu."

"Nimechelewa, baba."

"Lete mguu, nimesema."

Akauleta, akicheka. Singano akainama. Harufu ikampanda puani.

"Unanuka, Tunu."

"Ni mkonge huo. Hapa kitu gani hakinuki mkonge?"

"Mkonge nauanika tangu mama yako hajavunja ungo. Huu ni mguu."

Tunu akauvuta mguu wake taratibu, akauvalisha buti kwa nguvu, kama mtu anayesokomeza kiazi kwenye chupa. Singano alikunja uso kwa niaba yake, maana mwenye mguu hakukunja.

Akaenda kwa nesi wa zahanati, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nesi hakumzungusha.

"Siku kumi alale, ninywe nimpe dawa, mguu unapona," alisema, akajirekebisha kwa kuchoka, "nimpe dawa yeye, siyo ninywe mimi. Unaona nilivyo? Nimemlaza mara mbili, mzee. Ikifika saa kumi na mbili kasoro mama yake anamwita, anashuka kitandani anakwenda. Sina kamba ya kumfunga. Akiendelea hivi wiki mbili, mguu unakatwa. Au hatuwahi kuukata."

"Si umtoe huyo kunguni."

"Kumtoa mmoja siruhusiwi, na mwenyewe hataki. Njia iliyopo ni kuzimwa sauti yote." Nesi akavua miwani. "Na hiyo nayo sikushauri haraka haraka. Shamba la ng'ambo ya mto lilizima yao mwaka juzi kwa siku moja. Watu walilala chini. Si usingizi ule. Uchovu wa miaka mitatu uliwaangukia siku moja. Hawali, hawaongei, wanaangalia dari. Saba hawakuinuka tena."

"Na waliobaki?"

"Waliobaki waliinuka siku ya tisa. Wamekonda. Lakini wakiumwa wanasema naumwa."

Singano alirudi kwenye kamba zake za singa. Alianika mpaka jioni bila kuona alichoanika. Kichwani alikuwa na vifo viwili vya mtoto mmoja, na kila kimoja kinataka yeye ndiye akichague. Wakubwa wako wapi? Wako mjini, kwenye ghorofa lenye viyoyozi, na katika wao hakuna hata mmoja mwenye punje nyuma ya sikio. Wao wakichoka wanakwenda likizo.

*

Ijumaa, kesho yake ikiwa arobaini ya marehemu, Masanilo alimfuata penye kamba. Hakuwa na sufuria kichwani safari hii. Alikuwa na kishikwambi cha ofisi.

"Mtani, habari za hapa?"

"Leo sina mtani. Sema, bwana mkubwa."

Masanilo akamweleza. Kuna sheria, Sheria ya Sauti za Marehemu. Sauti ya aliyekufa ni mali ya mrithi. Shamba haliwezi kuitumia mpaka mrithi aridhie kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi. Akisharidhia, anazo siku arobaini za kutengua, kuanzia siku ya kifo. Zikipita, ndiyo milele.

"Niliridhia lini mimi?"

Masanilo akagusa kioo. Kikatoa sauti za msiba, watoto, sufuria, vicheko. Halafu ikatoka sauti ya mwanamume anayecheka huku analia: *Chukua, mtani. Chukua. Chukua hata kikohozi chake!* Halafu kicheko cha mkeka mzima.

"Mashahidi sitini na wanane," Masanilo akasema, macho chini. "Kunguni wanasikia na maneno, si damu tu. Wote walirekodi."

Singano alikuwa ameshika singa mbichi. Akaziweka kambani, akazinyoosha, akazinyoosha tena.

"Ule ulikuwa utani, Masanilo."

"Najua."

"Hakuna Mzigua anayemkatalia mtani msibani. Ungeniomba macho ningesema chukua."

"Najua, mzee. Niliagizwa. Nilipigiwa simu kutoka juu saa nne usiku, wakasema hitilafu ya kusimama sauti haikubaliki, tafuta ridhaa kabla ya Alhamisi. Wakaniuliza, nyinyi huko hamna mila ya kuwezesha jambo hili? Nikasema ipo." Akafunika kioo kwa kiganja. "Unadhani mimi naamkaje? Mimi ndiye niliyemkalisha siku tisa mle chumbani. Ninaye mtoto mdogo na mke mgonjwa. Ananiita na mimi. Ananiambia, Masanilo, mwanaharamu wewe, inuka. Nainuka."

"Umekuja ninyamaze mpaka kesho ipite."

"Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndiyo mwisho. Nimetumwa nikuombe unyamaze. Na mimi mwenyewe..." Akaangalia upande wa mto. "Umesikia ya ng'ambo ya mto?"

"Nimesikia."

"Basi."

Jioni Singano alimwambia Tunu. Hakumzunguka. Tunu alikuwa anachambua mchele wa hitma, mguu uliovimba ameukunja chini yake kama hauna habari.

"Ananiita Kitunu, baba," alisema, akiendelea kuchambua. "Nani mwingine aliniita Kitunu?"

"Mama yako yuko makaburini. Nilimshusha kwa mikono yangu."

"Najua. Na asubuhi ananiita. Vyote viwili najua, mimi si kichaa." Akapepeta, makapi yakaruka. "Siku ile nilipomgeuza nilitaka kumfuata. Sikusema kwa mtu. Alhamisi akaniita nikaona, basi, ngoja nikate leo tu. Mpaka leo nakata leo tu. Ukimzima, baba, utakuwa umemzika mara mbili. Na mara ya pili hakuna atakayekupa pole."

"Na mguu?"

"Mguu gani?"

Hakuwa anabisha. Aliuliza kwa dhati.

*

Jumamosi saa kumi na moja na nusu asubuhi Singano alikuwa mlangoni pa ofisi ya Ari. Masanilo akafungua, macho mekundu. Chumba kilikuwa kidogo, kina joto, mashine yenyewe ni sanduku jeupe tu, haifiki hata kabati la vyombo. Singano alitegemea kitu kikubwa zaidi.

"Nina ombi," akasema. "Sikuja kumzima. Mwambie aseme hivi: Kwemlungu, leo mmechoka, laleni. Na kesho aseme hivyo hivyo. Na keshokutwa. Wapumzike kidogo kidogo, asizimwe ghafla. Watamsikia yeye. Tunu atamsikia."

Masanilo akamtazama. Singano akaona kitu kinapita usoni mwa yule kijana, kama mtu aliyekumbuka kwamba aliacha mlango wazi. Akakaa, akaandika upesi. Akabonyeza.

Sauti ikatoka, ile ile, ya kukwaruza. "Kwemlungu! Leo..." Ikasita. Ikaja sauti nyingine, bapa, ya mwanamke asiye wa popote, kama matangazo ya uwanja wa ndege: "...mmechoka, laleni."

"Huyo nani?" Singano akauliza.

"Ngoja." Masanilo akaandika tena, kwa namna nyingine. *Pumzikeni, wanangu.* Sauti ya Mwantumu ikasema wanangu, ikasema vizuri mpaka Singano akashika ukuta. Lakini pumzikeni ilisemwa na yule mwanamke asiye wa popote. Wakajaribu *naumwa*. Wakajaribu *sitaki*. Wakajaribu *siwezi leo*. Kila mara mgeni yule yule.

Masanilo akaondoa mikono mezani. "Mashine haitungi sauti kutoka hewani, mzee. Inachukua alivyolisema neno kwa kumaanisha, inalijenga upya. Siku tisa tulizomrekodi, na miezi kumi na minne ambayo kunguni wake alikuwa anasikiliza, kazini na nyumbani, mchana kutwa. Maneno hayo hakuyasema. Hata mara moja. Na damu haitamwamini mgeni huyu, wala usihangaike."

Singano alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Alirudi nyuma kichwani. Siyo miezi kumi na minne, alirudi miaka thelathini na mmoja, mwaka kwa mwaka, kabla ya kunguni, kabla ya wakubwa hawa, wakati wa wakubwa wale wengine. Alijiona yeye akiingia jioni, akijitupa kwenye kiti, akisema nimechoka mke wangu, jua la leo siyo jua. Alimwona Mwantumu akileta maji ya kuoga. Alitafuta jioni moja tu ambayo yeye alimuuliza, na wewe je? Akatafuta sana. Alikuwa amewalaumu wakubwa siku arobaini bila kupumzika, na lawama ile ilikuwa ya haki, harudishi hata neno moja. Lakini sasa iliongezeka nyingine, ndogo, ya nyumbani, na hii hakuwa na ofisi ya kuipeleka.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Kumi na mbili kasoro dakika nane. Wamekwisha kusanyika."

"Nipe hicho kioo, nitengue."

"Mzee. Saba hawakuinuka."

"Nimesikia, saba. Na mmoja aliinama kufunga tita." Akainuka kwenye ndoo. "Sijui hesabu hiyo, Masanilo. Sijasoma. Mwenye kuijua angekuwa hapa asubuhi hii, amekaa badala yangu. Simwoni."

Alibonyeza gumba kwenye kioo, palepale Masanilo alipomwonyesha. Kioo kikauliza tena kama ana uhakika. Akabonyeza tena, ingawa hakuwa nao.

Masanilo aligusa nyuma ya sikio lake kama mtu aliyeng'atwa. "Nani atawaambia?" akasema. "Mimi siwezi kwenda kule. Kweli siwezi, miguu..." Akakaa chini sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye sanduku jeupe.

Singano akatoka peke yake.

Uwanjani walikuwa mia nne, wamesimama kwa mistari, mapanga yameegemea miguuni, nyuso zimeinuliwa kuelekea kwenye spika kama zinasubiri mvua. Alipanda jukwaani kwa kushika goti. Tunu alikuwa mstari wa tatu. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine umegusa ardhi kwa ncha tu, na mwenyewe bado hakuwa amegundua.

Kipaza sauti kikapiga mluzi. Watu wakashtuka.

"Mimi sijui kuhutubia," Singano akasema. "Mnanifahamu, mimi ni wa kamba. Mwantumu hatawaita leo. Nimemzima mimi. Kuna wengine wa kulaumiwa, wako mbali, lakini kidole ni changu."

Hakuna aliyesogea. Panga moja likaanguka, likalia kwenye jiwe. Mwanamke wa mstari wa mbele alipeleka mkono nyuma ya sikio, akapapasa, akapapasa tena. Tunu aliangalia chini, akauangalia mguu wake, na uso wake ukaanza kubadilika polepole, kama mtu anayesoma barua.

"Sina la kuwatia moyo," Singano akasema. "Nina neno moja tu, na sikumuuliza aliyestahili kuulizwa, kwa hiyo nawauliza nyie. Mimi nimechoka. Nani mwingine amechoka?"